UZI: Kupaka epoksi sakafu ya gereji mwenyewe, kuanzia zege hadi gari kuingia

Mwashi28

Wakuu, uzi huu ni wa anayetaka kupaka epoksi (mpako wa sehemu mbili, resini na kigumu chake kiitwacho hadna, zinazogandana zikichanganywa) sakafu ya gereji ya nyumbani kwa mkono wake na ikae miaka. Mambo ya rangi na mng'ao yatakuja baadaye. Naanza na zege, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Okota kipande cha epoksi kilichobanduka, kigeuze. Mara nyingi utakuta upande wa chini umebeba unga wa kijivu wa saruji. Epoksi ilishika vizuri kabisa, ila ilishika ule utando dhaifu wa juu unaopanda na maji siku ya kumwaga zege, na utando huo haukushikwa na kitu. Ukinunua epoksi ghali zaidi na kuipaka juu ya utando uleule, matokeo hayabadiliki.

Umri kwanza. Zege jipya lipewe siku 28 kabla ya kulifikiria. Hizo siku ni za kukomaa, siyo za kukauka. Sakafu nene inaweza kukaa miezi kadhaa ikiendelea kutoa maji, hasa kama chini yake hakukutandikwa nailoni.

Halafu pima unyevu. Kata nailoni nzito ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne pasipo upenyo, iache saa 16 au zaidi. Fanya hivyo sehemu tatu au nne: katikati, ukutani, na karibu na mlango, mahali pasipopigwa jua. Ukifunua ukakuta matone, au zege limekuwa jeusi kuliko lililo pembeni, usipake. Ila elewa mpaka wa kipimo hiki: matone yakionekana, sakafu imebeba maji, yasipoonekana, bado hujathibitisha kuwa ni kavu. Kinachoaminika zaidi ni kipima unyevu kinachozamishwa ndani ya tundu, kwa kina cha 40% ya unene wa zege kama linakauka upande mmoja tu. Kiwango kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Epoksi nyingi za kawaida hazitaki unyevu uvuke 75% hadi 85%. Sakafu ikizidi hapo, kuna praima (tabaka la kwanza kabisa) za epoksi za kuzuia mvuke. Hizo hupakwa kwa unene wake kamili, na wala hazipunguzwi ili zifike mbali.

Unga mweupe unaorudi kila ukiufagia nao ni dalili ya maji yanayopanda na chumvi. Usiupakie juu.

Kipimo cha mwisho ni tone la maji. Dondoshea sehemu mbalimbali. Likinyonywa ndani ya dakika moja hivi, zege liko wazi. Likikaa juu limevimba, pana oili, nta, au dawa ya kuzibia zege iliyopigwa zamani.

BintiFundi

Mwashi, umeruka oili. Kwenye gereji ndiyo adui wa kwanza.

Wakuu, msianze kusaga wala kumwaga asidi kabla ya kutoa oili. Asidi haili oili, inapita juu yake, na grinda inaipasha moto na kuisambaza kwingine. Tumia sabuni kali ya kutoa grisi, ile ya alkali, ichanganye na maji ya moto, iache dakika 10 hadi 15 bila kukauka, sugua kwa brashi ngumu, kisha nyonya maji yote kwa mashine. Ukiyasukuma kwa fagio tu unaihamisha grisi. Rudia mpaka tone la maji linywewe kama sehemu nyingine.

Doa lililozama miaka mingi huonekana limeisha, kesho yake likapanda tena. Hapo chonga sehemu hiyo mpaka ukute zege safi, uzibe kwa epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu wa silika.

Msasa40

Naongezea kusaga. Epoksi inataka zege lenye ukwaru wa CSP 2 hadi 3 kwenye vipimo vya ICRI (taasisi ya kimataifa ya ukarabati wa zege; CSP ni namba ya ukwaru wa uso wa zege, kubwa ndiyo yenye kukwaruza zaidi). Kwa mkono ni kama kupapasa msasa namba 80 hivi. Sakafu iliyopigwa mwiko wa chuma hadi ikateleza haina hata CSP 1.

Kwa gereji ya gari moja, grinda ya inchi 7 yenye diski ya almasi ya umbo la kikombe inatosha, ingawa mgongo utalalamika. Kwa gari mbili, kodi mashine ya kusukuma ukiwa umesimama, na ile ndogo ubaki nayo kwa kona na kandokando ya kuta. Chembe za almasi ziwe 30 au 40. Usipande hadi 100 au 200, maana hapo unang'arisha, na epoksi itakosa pa kung'ang'ania.

Pita kwa mistari inayopishana nusu kwa nusu, kisha rudi kwa mistari iliyokatiza ile ya kwanza. Grinda ndogo usiiinamishe. Ukingo wa diski ukichimba unaacha vijihilali ambavyo epoksi inayong'aa itavionyesha vyote. Unasimama pale rangi ya zege inapofanana kote na chembe za mchanga zinapoanza kuonekana. Palipobaki na mng'ao hapajaguswa.

Vumbi lake ni silika, na silika inaua mapafu polepole pasipo dawa ya kuyarudisha. Grinda ifungwe kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza yenye chujio la HEPA linalonasa vumbi laini sana, na usoni uvae barakoa ya P100 au P3 inayobana. Kitambaa hakisaidii. Baada ya hapo fyonza sakafu mara mbili, ya pili kwa kuvuka mistari ya ile ya kwanza. Pitisha kiganja chako sakafuni: kikitoka cheupe, bado.

Kitasa_cha_Kale

Wakuu, vipi asidi? Maboksi mengi ya epoksi ya kujipakia yanakuja na pakiti ya asidi ndani. Kwa asiyepata grinda, haifai kabisa?

KemiaSakafu

Inafaa, mkuu, kwa zege lililo wazi, safi, lisilo na dawa juu yake. Ila ukwaru wake ni mdogo kuliko wa grinda, na inaacha kazi nyingine nyuma: kuyaondoa mabaki.

Kama ni asidi ya haidrokloriki ya takriban 31%, changanya kipimo kimoja cha asidi kwa vinne vya maji. Maji yaanze kwenye ndoo ya plastiki, asidi ifuate, kamwe usigeuze. Lowesha sakafu kwanza, pasibaki madimbwi. Lita moja ya mchanganyiko inatosha mita ya mraba moja na nusu hivi. Itachemka mapovu kwa dakika kadhaa. Palipokaa kimya pana oili au dawa ya kuzibia, na hapo grinda haikwepeki. Endelea kusugua dakika 10 hadi 15 bila kuacha pakauke.

Kisha punguza ukali kwa magadi ya kuokea, gramu 50 hivi kwa lita ya maji, ukisugua tena. Suuza, nyonya, suuza, nyonya, mara tatu angalau. Asidi ikikutana na zege inazaa kloridi ya kalsiamu, chumvi inayovuta unyevu hewani. Ikibaki kwenye vitundu, unakuwa umepanda unyevu chini ya epoksi kwa mkono wako. Pima maji ya mwisho ya kusuuzia kwa karatasi ya pH. Yasitofautiane na maji ya bomba kwa zaidi ya kipimo kimoja. Halafu sakafu ikauke siku mbili au tatu, hata kama juu inaonekana kavu baada ya saa nne.

Mvuke wake unakula chuma. Toa gari, baiskeli na vifaa vyote, fungua milango, vaa miwani, glavu, buti za mpira, na barakoa yenye kopo la gesi za asidi.

Msasa40

Nakubali yote, lakini nasisitiza: kama sakafu ilishawahi kupakwa rangi au dawa yoyote, asidi haina kazi. Saga.

Mwashi28

Nyufa na mifereji sasa, maana watu huzichanganya.

Ufa mfu, usiocheza, upanue kwa diski ya almasi uwe na umbo la V, kina cha milimita 6 hadi 10, fyonza vumbi lote, jaza kwa epoksi nzito au resini iliyotiwa mchanga mkavu, iache ivimbe kidogo juu, kesho yake isage iwe sawa. Ufa ambao upande mmoja umepanda kuliko mwingine unaonyesha ardhi inatembea, na epoksi haitauzuia.

Mifereji iliyokatwa makusudi ili zege lipasukie humo inaweza kujazwa kwa poliurea inayonyumbulika. Ukiijaza kwa epoksi ngumu, zege likijivuta utaona mstari wa ufa umetokea palepale. Ule mwanya kati ya sakafu na ukuta, au kati ya mabamba mawili ya zege, uache ufanye kazi yake: paka hadi ukingoni, halafu uzibe kwa silanti (kizibio kinachonyumbulika) laini epoksi ikishakomaa. Silanti ya silikoni usiifungue humo ndani kabla ya kupaka, sababu itaelezwa chini.

BintiFundi

Hesabu ya vipimo, kwa kuwa wengi wananunua kwa kukisia.

Lita moja iliyotandazwa mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Basi kwa unene wa milimita 0.25, lita moja inafika mita za mraba 4. Gereji ya mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18, sawa na lita 4.5 kwa mkono mmoja (yaani tabaka moja). Ya mita 6 kwa 6 ni 36, sawa na lita 9. Ongeza 10% kwa kinachobaki kwenye ndoo na rola. Praima kwenye zege lililosagwa hunywewa, kwa hiyo ihesabie mita 5 hadi 6 kwa lita hata kama boksi linaahidi zaidi.

Hesabu hiyo ni ya epoksi isiyo na maji wala thina, yaani 100% inabaki sakafuni. Ya maji, ambayo 50% tu ndiyo hubaki, ukiipaka milimita 0.25, ikikauka inabaki 0.125. Ndiyo sababu boksi la bei ndogo linasema linatosha gereji nzima: linatosha kupaka rangi, siyo kujenga tabaka.

Geji ndogo ya meno ya kupimia unene wa rangi mbichi ni kitu cha kununua. Unaichomeka wima, unasoma jino la mwisho lililolowa, unajua unapaka nene au nyembamba wakati bado unaweza kurekebisha.

KemiaSakafu

Na kuchanganya. Resini na hadna huungana molekuli kwa molekuli. Hadna ikizidi haiharakishi chochote, inabaki ndani haina mwenzake, na sakafu inakuwa laini au inateleza kama nta. Ikipungua, inanata daima.

Angalieni kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito. Chukulia resini yenye kilo 1.15 kwa lita na hadna yenye kilo 1 kwa lita, uwiano 2:1 kwa ujazo. Kwa mizani hiyo ni 100 kwa 43.5. Anayepima 100 kwa 50 kwenye mizani amezidisha hadna kwa takriban 15%.

Kama resini ina rangi, koroga ndoo yake peke yake kwanza, maana rangi hutuama chini. Changanya kwa drili ya mwendo wa polepole, mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika, kwa dakika 3, upanga wa kukorogea ukiwa umezama wote usivute hewa. Kwangua kuta na kitako cha ndoo. Kisha mimina yote kwenye ndoo ya pili safi, ukoroge dakika moja zaidi. Hapo kwenye ndoo ya pili ndipo madoa yanayonata yanapozuiwa, kwa sababu kilichogandamana kwenye ukuta wa ndoo ya kwanza hakikuchanganyika. Na ndoo usiipindue sakafuni ijichuruze yenyewe. Mabaki hayo ndiyo hayakauki.

Ikishachanganywa, imwage sakafuni mara moja kwa mistari. Ikikaa kwenye ndoo inajipasha moto yenyewe, na joto linaharakisha mmenyuko. Muda wa kuitumia wa dakika 30 kwa joto la nyuzi 25 unaweza kuwa 15 hivi kwa nyuzi 35. Ndoo ikianza kufuka moshi, itoe nje, usijaribu kuitumia. Changanya kiasi unachoweza kutandaza ndani ya dakika 15.

Mwashi28

Siku ya kupaka, kwa mfuatano. Kandokando ya kuta kwanza kwa brashi ya sentimita 5, upana wa kiganja. Mwaga mstari wa epoksi, uvute kwa fagio la mpira lenye meno, kisha fuata na rola yenye manyoya ya milimita 9 au 10 isiyoacha nyuzi. Rola mpya izungushie tepu uivute mara mbili tatu, itoe nyuzi zilizolegea. Pitisha rola kwa kukatiza uelekeo wa fagio, bila kuikandamiza. Sehemu inayofuata ianze kabla ukingo wa ile ya kwanza haujaanza kushika, dakika 10 hivi, la sivyo utaona mshono. Anzia ukuta wa ndani, tokea mlangoni. Wawili ni bora kuliko mmoja: mmoja anachanganya, mwingine anapaka kwa viatu vya misumari.

Mkono wa pili uende ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelezo, aghalabu saa 12 hadi 24. Ukipitiliza, piga msasa namba 80 hadi 120 mpaka mng'ao ufe wote, fyonza, futa, ndipo upake.

Dirisha_Wazi

Mikono yote miwili sawa, ila tabaka linatoka na vitundu vidogo kama sindano kila mahali, vingine vimezibwa na mapovu. Rola ya misumari ikipitishwa vinarudi. Chanzo nini?

KemiaSakafu

Zege linapumua. Joto la sakafu likipanda, hewa iliyo kwenye vitundu vyake hutanuka na kupanda juu ikipita ndani ya epoksi mbichi. Rola ya misumari inapasua mapovu ya kwanza, ila hewa bado inakuja. Paka wakati joto linashuka, alasiri kwenda jioni, ili zege livute badala ya kusukuma. Na usiache praima: kazi yake mojawapo ni kuziba vitundu hivyo. Vitundu vilivyokwishatokea huzibwa kwa kukwangua epoksi nyembamba kwa pala bapa baada ya msasa, siyo kwa kumwaga mkono mwingine mnene.

Ila jioni ina hatari yake, umande. Joto la sakafu liwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu 80% inafanya umande kwenye nyuzi 21 na kitu, kwa hiyo sakafu isiwe chini ya 24.5. Pima sakafu yenyewe, hewa pekee haitoshi. Sakafu ikiwa chini ya nyuzi 10, epoksi nyingi zinasimama kabisa.

Maji na hewa ya kaboni dioksidi vikikutana na hadna juu ya tabaka bichi vinaacha utando mweupe au wa mafuta. Kipasha joto cha mafuta au gesi ndani ya gereji kinatoa vyote viwili, msikiwashe. Utando huo unatoka kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sponji ya kusugulia. Ukianza na msasa unausugulia ndani, na thina inausambaza. Osha, suuza, kausha, ndipo msasa.

BintiFundi

Kuhusu ile silikoni aliyoigusia Mwashi: vile vishimo vya mviringo ambapo epoksi inajivuta na kuacha zege wazi katikati kama jicho ni mabaki ya silikoni, oili au dawa ya kung'arisha matairi. Hata kopo la kupulizia lililotumika chumbani humo linatosha. Kwa tabaka bichi huna dawa. Liache likauke, msasa, futa kwa thina inayopendekezwa na bidhaa kwa vitambaa safi unavyobadilisha kila mara, paka tena.

Mchanga_Mkavu

Naomba mwongozo wa vipande vya rangi vya kumwagia juu, na tabaka la kuzuia jua. Nasikia epoksi inageuka njano.

Msasa40

Inageuka, mkuu, hasa ile mita ya kwanza karibu na mlango. Mionzi ya jua inaivunja, na hakuna epoksi inayokwepa kabisa. Kinga ni tabaka la juu la poliuretani ya alifatiki au poliaspatiki.

Vipande vikitakiwa vifunike sakafu yote, hesabu gramu 500 hadi 700 kwa mita ya mraba, na nunua ziada, maana visivyoshika unavikusanya. Paka epoksi ya rangi inayokaribiana navyo, kisha virushe juu hewani vidondoke kama mvua. Ukivitupa kwa mbele vinajipanga kwa mafungu. Acha ukanda wa sentimita 30 pasipo vipande kila unapokutana na epoksi utakayomwaga baadaye. Kesho yake kwangua kwa pala pana la chuma pande mbili zinazokatizana, kung'oa vilivyosimama wima, fagia, fyonza. Tabaka la wazi juu yake linakunywa: lita moja kwa mita 2.5 hadi 3.5. Linalopakwa juu ya epoksi isiyo na vipande, kama ni poliuretani ya thina, ni jembamba sana, milimita 0.05 hadi 0.08 likikauka. Likiwa nene linafungia mapovu.

Sakafu itakayolowa maji iongezewe chembe za oksidi ya alumini kwenye mkono wa mwisho. Epoksi tupu iliyolowa ni hatari kwa miguu.

Poliuretani na poliaspatiki zina isosianati, kemikali kali, kwenye hadna yake. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Fuateni kinga iliyoandikwa kwenye karatasi ya usalama ya bidhaa.

KemiaSakafu

Na glavu za nitrili muda wote hata kwa epoksi isiyonuka. Mwili ukishaingia mzio wa epoksi hautoki, na mtu huyo hata tone dogo litamtoa vipele. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Thina inaiyeyusha na kuipitisha ndani ya ngozi.

Kama bidhaa yoyote ina thina, zima moto wa kipasha maji na chochote chenye cheche kilicho gereji.

Kitasa_cha_Kale

Gari liingie lini? Na kwa nini wengine epoksi inang'oka palepale matairi yanapokaa?

Mwashi28

Kwa nyuzi 25 hivi: kutembea saa 24, vitu vyepesi siku 3, gari siku 7. Baridi inaongeza siku. Ngumu kwa kugusa haina maana imekomaa.

Tairi likitoka barabarani lina joto, linalainisha tabaka lililo chini yake na kulishika. Likipoa linajivuta, na tabaka linavutwa nalo. Viungo laini vya mpira navyo vinahamia kwenye epoksi. Tabaka nene lililokomaa, lililoshika zege lililosagwa, linastahimili. Jembamba la maji juu ya zege laini linaondoka na tairi. Pakiwa pameng'oka, usipachape kiraka tu: piga nyundo ndogo kuzunguka, usikilize palipo na sauti ya uwazi, kata mpaka ufike palipolia imara, saga zege, teremsha kingo kwa msasa, praima, paka.

Dirisha_Wazi

Na doa linalonata baada ya siku tano, ukubwa wa sahani, pembeni kote pamekauka?

KemiaSakafu

Hilo halitakauka kamwe, na ukilipaka juu litabaki laini chini. Kwangua lote kwa pala hadi zege, futa mabaki kwa thina, acha ipae, saga sehemu hiyo na sentimita 5 kuizunguka, kisha changanya kiasi kidogo kwa mizani inayosoma gramu moja. Kiasi kidogo kikipimwa kwa macho ndipo uwiano unapopotea. Halafu lipake usawa wa tabaka la pembeni, na mkono wa mwisho upite sehemu yote kutoka mfereji mmoja hadi mwingine ili kiraka kisionekane.